Ni Nani Atamwekea Sahihi?

Muhtasari wa mahubiri ya Jumapili, ibada ya kwanza na ya pili

Maandiko: Mwanzo 39:20–40:23, Matendo 9:26–27, Wakolosai 4:7–9, Filemoni 8–22

 

Wale mnaonijua mnajua nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, kwa hivyo mtanisamehe nikianzia kwenye Sacco kabla ya kufika kwenye Biblia. Wengi wetu hapa ni wanachama wa Sacco. Ukitaka mkopo unaozidi akiba yako, karani hakuulizi kama umeokoka. Anakuuliza, "Wadhamini wako ni nani?" Anakupa fomu yenye nafasi ya jina, nambari ya uanachama na sahihi. Hapo ndipo unajua una marafiki wangapi. Mtu mmekula naye harusi tatu, ukimpigia simu na kusema, "Ndugu, nakuomba sahihi," ghafla mtandao unapotea.

Hatukatai kwa sababu tunamchukia mtu. Tunakataa kwa sababu tunajua sahihi ni nini. Akishindwa kulipa, ni akiba yangu itakatwa. Kumwombea hakunigharimu chochote. Kumwekea sahihi kunaweza kunigharimu karo ya mtoto wangu.

Sasa fungua Filemoni. Ni waraka mfupi, mistari 25 tu. Mimi nikiusoma naona fomu ya mdhamini. Paulo ni mzee, na yuko kifungoni. Huko kifungoni amekutana na mtumwa anayeitwa Onesimo, amemhubiria, na Onesimo amekuwa mwana wake katika imani. Lakini Onesimo ana historia. Kuna bwana wake, Filemoni, ambaye aliachana naye vibaya, na huenda kuna mali iliyopotea. Paulo anamrudisha na barua mkononi. Kwenye mstari wa 18 na wa 19 anafanya jambo ambalo karani wa Sacco angelielewa mara moja: anasema kama kuna hasara au deni, liandikwe kwake yeye, na anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Hiyo ni sahihi, wapendwa.

Nataka swali la leo likae moyoni mwako mpaka mwisho: kijana akitoka gerezani leo, ni nani atamwekea sahihi?

MUNGU HUFANYA KAZI NDANI YA GEREZA

Tuanze na habari njema. Kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa, timu yetu imekuwa ikienda Jumamosi mbili kila mwezi katika gereza moja, kwenye kitengo cha vijana. Zamani tulikuwa tunaenda na sabuni na karatasi za choo, tunaimba, tunahubiri, tunapiga picha langoni, tunarudi nyumbani tukiwa tumebarikiwa. Vijana nao walibaki na sabuni. Siidharau sabuni. Lakini siku moja afisa mmoja aliniambia, "Pasta, wewe ulisomea biashara. Kwa nini usiwafundishe kitu?"

Ndipo tukaanzisha mafunzo ya kujijenga. Wakufunzi wa magereza wao hufundisha kazi za mikono: useremala, kuchomelea vyuma, kushona. Kuna vijana wanaofanya mitihani ya ufundi ya NITA wakiwa ndani, wanapata gredi ya tatu, na wengine hukalia mtihani wa kidato cha nne humo humo. Sisi tunafundisha mambo ambayo mashine ya kuchomelea haiwezi kukufundisha: kujijua, kutawala hasira, kutumia pesa, kuomba kazi, na kuomba msamaha.

Mlango huu haukuwa wazi siku zote. Wenye umri wanakumbuka magereza ya nchi hii yalivyokuwa, mahali ambapo hata magodoro yalikuwa habari. Moody Awori, aliyekuwa Makamu wa Rais kuanzia 2003 hadi 2008, alikumbukwa sana kwa kusukuma mageuzi hayo. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 51, inasema wazi kwamba mtu aliyefungwa bado ana haki zake, isipokuwa zile ambazo haziwezekani akiwa kifungoni. Na kwa vijana, sheria yenyewe inakubali kwamba bado wanaweza kufinyangwa. Ndiyo maana kuna taasisi za Borstal, kama Shikusa kule Kakamega na Shimo la Tewa kule Mombasa, za walio kati ya miaka 15 na 18, ambapo mtu hukaa hadi miaka 3 akifunzwa. Na pale Kamiti kuna kituo cha mafunzo cha vijana ambapo mkosaji wa mara ya kwanza anakaa miezi 4. Serikali imesema kijana anaweza kubadilika. Kanisa lingekuwa la kwanza kusema hivyo.

Niwapeleke darasani kidogo. Jumamosi moja nilikuwa nafundisha kuhesabu gharama. Nikawapa zoezi la mandazi: unga, sukari, mafuta, hamira, makaa. Andika gharama zote, kisha useme utauza andazi moja kwa shilingi ngapi. Walifanya haraka, hesabu ziko sawa. Nikazunguka nikitazama madaftari. Kila mmoja aliandika makaa. Hakuna hata mmoja aliyeandika malipo yake mwenyewe.

Nikauliza, "Na wewe unayeamka saa kumi usiku kukanda huo unga, mbona hujajiandika?"

Kijana mmoja akacheka, akasema, "Pasta, mimi sijawahi kuwa na bei."

Darasa zima likacheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilienda mpaka kwenye ubao nikaandika mstari mmoja zaidi chini ya makaa: *Malipo ya mpishi.* Tukakaa na huo mstari saa nzima. Wapendwa, hayo ndiyo mafunzo ya kujijenga. Siyo maneno matamu ya kujipa moyo. Ni kumrudisha mtu kwenye hesabu ya maisha yake mwenyewe, mahali ambapo alikuwa amejifuta.

Tazama Yusufu. Aliuzwa akiwa na miaka 17. Akatupwa gerezani kwa kosa ambalo hakulifanya. Mwanzo 39 inatuambia Bwana alikuwa pamoja naye mle mle gerezani, hata mkuu wa gereza akamkabidhi wafungwa wote na kazi zote. Yusufu alijifunza usimamizi kifungoni. Alijifunza kusikiliza. Asubuhi moja anawatazama wenzake wawili, anaona nyuso zao zimekunjamana, anawauliza kwa nini. Mtu anayeona huzuni ya mwingine wakati yeye mwenyewe amefungwa, huyo amekua. Alipokuja kusimamia chakula cha Misri akiwa na miaka 30, hakuwa anaanza. Alikuwa amefanya mazoezi gerezani.

Mwambie jirani yako: Mungu anaweza kukukuza mahali ambapo hukuchagua kukaa.

TATIZO LIKO NJE YA LANGO

Lakini soma mpaka mwisho wa sura ya 40. Yusufu alimwomba mnyweshaji wa Farao jambo moja tu: mambo yako yakiwa mema, unikumbuke, unitaje. Mnyweshaji alirudishwa kazini. Kikombe kikarudi mkononi mwake. Na mstari wa mwisho wa sura hiyo unasema alisahau. Sura ya 41 inaanza miaka miwili baadaye.

Mafunzo ya Yusufu ndani yalifaulu. Kilichofeli ni mtu wa nje mwenye kikombe mkononi.

Sasa nitawaambia jambo ambalo nilitaka kulificha. Nimeliombea wiki tatu kabla ya kulileta hapa. Mhusika amenipa ruhusa, kwa sharti kwamba nisimtaje. Nitamwita Onesimo.

Onesimo alikuwa katika darasa letu la kwanza. Alihukumiwa miaka mitatu kwa kuvunja duka. Kwa mujibu wa sheria, mfungwa anayefanya kazi kwa bidii na kuwa na tabia njema hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, kwa hivyo akakaa miaka miwili. Alijifunza kuchomelea, akafanya mtihani, akapita. Kwenye darasa langu alikuwa namba moja kwa hesabu. Kila nilipomaliza kufundisha nilimwambia yeye na wenzake, "Ukitoka, nitafute." Nilisema hivyo kila Jumamosi. Ni rahisi sana kusema.

Alitoka siku ya Jumanne. Alitoka peke yake, na nguo alizoingia nazo, na zilikuwa zimembana kwa sababu aliingia kijana akatoka mwanaume. Alinitafuta. Jumapili hiyo alikuwa hapa, kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango. Jumapili iliyofuata alifika saa kumi na mbili asubuhi, akawasaidia vijana kupanga viti. Kwa wiki saba, viti ulivyokalia wewe vilipangwa na Onesimo. Wengi hamkujua anatoka wapi. Mimi nilijua.

Wiki ya saba, kipaza sauti kimoja kikapotea. Kile kisicho na waya, kile cha bei. Watu tisa walikuwa wameingia kwenye chumba cha vyombo wiki hiyo. Nilihesabu baadaye. Tisa, na mimi nikiwa mmoja wao. Nilimwita mmoja tu.

Nilimwita kando, pale nyuma karibu na tangi la maji. Niliongea kwa upole, kama pasta. Nikamwambia, "Kama kuna kitu, niambie tu, tutalimaliza kimyakimya." Alisema, "Sijachukua, Pasta." Kisha akafungua mkoba wake kabla sijasema neno lingine, akatoa kila kitu akaweka chini: ovaroli, kitabu changu cha mazoezi ya hesabu, na chombo cha plastiki chenye githeri. Akasimama kando ya vitu vyake, mikono yake ikining'inia. Kule ndani wamezoea kupekuliwa. Sikuwa nimemwambia afungue. Lakini sikumwambia afunge pia.

Jumanne kipaza sauti kikapatikana. Kwaya ilikuwa imekibeba kwenda nacho kwenye mazishi siku ya Alhamisi na hawakuandika kwenye daftari. Nilimtumia ujumbe kwa simu: "Kimepatikana. Mungu ni mwema." Nimeusoma ule ujumbe mara nyingi tangu siku hiyo. Haukuwa na neno "nisamehe." Mtu ambaye anawafundisha wafungwa somo zima la kuomba msamaha hakuweza kuandika neno moja.

Hakujibu. Jumapili iliyofuata viti havikuwa vimepangwa.

Ilinichukua majuma matatu kwenda kumtafuta. Nilimpata kwenye kibanda cha jua kali, amevaa miwani ya kuchomelea, anatengeneza geti. Fundi mwenye kibanda hajawahi kukanyaga kanisa letu, na sigara ilikuwa mdomoni. Nikamwuliza fundi kijana anaendeleaje. Akaniambia, "Huyu ndiye hufungua asubuhi. Ana ufunguo."

Ana ufunguo! Kanisa lilikuwa na Onesimo wiki saba likapekua mkoba wake. Fundi amekuwa naye mwezi mmoja amempa ufunguo wa kibanda chenye mashine zake zote. Ni nani kati yetu aliyesoma Filemoni?

Nilimwomba msamaha pale pale, mbele ya fundi. Akasema, "Sawa, Pasta." Akanyamaza, akasema tena, "Siku ile nilijiuliza kama kuna siku itafika, kitu kipotee, na mimi niulizwe wa nne ama wa tano. Sio wa kwanza." Hakusema kwa hasira. Aliteremsha miwani akaendelea na kazi yake.

Hajarudi kanisani. Sina ushuhuda wa kwamba alirudi akilia na sote tukakumbatiana. Nilipomwomba ruhusa ya kuwaambia habari hii, alisema, "Waambie tu niko kazini." Nimewaambia.

JINSI PAULO ALIVYOWEKA SAHIHI

Rudi sasa kwa Filemoni tuone Paulo alifanya nini ambacho mimi sikufanya. Ni mambo matatu.

Kwanza, hakumtuma peke yake. Ukisoma Filemoni tu utadhani Onesimo alibisha mlango akiwa na barua na hofu. Lakini soma Wakolosai 4:7–9. Paulo anamtuma Tikiko, ndugu anayeaminika, na anasema Onesimo yuko pamoja naye. Anamwita mwenzao, mtu wa kwao. Ile safari ndefu ya kurudi mahali ulipokosea, Onesimo hakuitembea peke yake. Alikuwa na mtu wa kutembea naye na mtu wa kusimama kando yake mlangoni. Onesimo wetu alitoka langoni Jumanne asubuhi, na sisi wote tulikuwa na shughuli.

Ndivyo Barnaba alivyomfanyia Paulo mwenyewe. Matendo 9:26–27: Sauli anafika Yerusalemu, wanafunzi wanamwogopa, hawaamini kwamba ni mwanafunzi kweli. Barnaba anamchukua, anampeleka kwa mitume, anaeleza habari zake. Jiulize Paulo alijifunzia wapi kumwekea Onesimo sahihi. Aliwahi kuwekewa.

Pili, Paulo hakuficha deni. Hapa nataka tuwe makini, kwa sababu juzi tulipotangaza mpango huu, mama mmoja alinifuata baada ya ibada. Aliniambia, "Pasta, mwaka juzi duka langu lilivunjwa. Waliobeba mali yangu mnawapelekea sabuni na masomo. Kwangu hakuna aliyekuja hata na pakiti ya maziwa. Programu yangu iko wapi?"

Wapendwa, mama huyo hana roho mbaya. Ana hoja, na hoja yake iko kwenye Biblia. Paulo hakumwambia Filemoni, "Wewe umeokoka, sahau tu." Alisema kama kuna deni, liandikwe. Msamaha wa Biblia haufuti daftari kwa kujifanya hakuna kilichoibwa. Kuna mtu analipa. Zakayo alipokutana na Yesu alianza kuzungumza habari ya kurudisha, tena mara nne. Na msalaba ni nini kama siyo mahali ambapo deni letu liliandikwa kwa Mwingine, akalilipa kwa damu?

Kwa hivyo mama, uko sahihi, na tumekosa. Tumemtembelea aliyevunja na hatujamtembelea aliyevunjiwa. Kanisa linaloenda gerezani bila kwenda kwenye duka lililovunjwa limesoma nusu ya waraka.

Tatu, Paulo aliahidi kuja kuangalia. Mstari wa 22: anamwambia Filemoni amtayarishie mahali pa kulala, kwa sababu anatumaini kufika. Kuna watu wanausoma mstari huo kama adabu ya wageni tu. Mimi nausoma kama ufuatiliaji. Nimekuletea kijana, nimeweka sahihi, na nitakuja nione mnaendeleaje, wewe na yeye. Kuweka sahihi siyo kufumba macho. Mdhamini mwenye akili hufuatilia mkopo. Upendo una macho, una daftari, na una siku ya kurudi.

Na kuna jambo dogo ambalo Wagiriki wa kale wangetabasamu wakilisikia. Jina Onesimo maana yake ni mwenye kufaa. Mstari wa 11 Paulo analichezea hilo jina: zamani hakukufaa, sasa anatufaa wewe na mimi. Paulo alimrudishia mtu maana ya jina lake. Yule kijana wa mandazi aliyesema hajawahi kuwa na bei, huyo ndiye tunamwongelea.

TUTAFANYA NINI

Sitaki mrudi nyumbani mmeguswa tu. Kuguswa kunaisha Jumatatu mkikutana na msongamano wa matatu. Kuna vijana watatu kutoka darasa letu watakaoachiliwa katika miezi mitatu ijayo. Wazee wa kanisa wamekaa, wameomba, wamekubali mambo yafuatayo.

Kila kijana atakuwa na akina Tikiko wawili, watu wazima waliokomaa katika imani, kwa miezi sita. Siku ya kuachiliwa watakuwa langoni asubuhi, na nguo zinazomtosha. Watamsindikiza kufuatilia kitambulisho, watamfikisha kwa wazazi wake na kwa chifu, watazungumza na afisa wa probesheni kama yupo kwenye kesi hiyo. Kila wiki watakula naye chakula mara moja. Siyo kikao cha ushauri. Chakula.

Wenye karakana, maduka ya vifaa, hoteli na mashamba tunawaomba kibarua cha miezi mitatu. Tunajua tatizo la cheti cha tabia njema cha polisi. Kijana ana cheti cha ufundi mkono mmoja, na mkono wa pili anaombwa cheti ambacho kitafungua kesi yake upya mbele ya kila mwajiri. Huwezi kumwambia mtu ajitegemee na kila mlango unataka awe mtu ambaye hakuwahi kukosea. Kanisa litamnunulia kila mmoja sanduku la vifaa vya kazi yake. Hatutatoa pesa mkononi.

Tatu, tunaanzisha mfuko wa dhamana. Hapa ndipo shahada yangu imefaa. Mwajiri anaogopa hasara, na ana haki ya kuogopa. Kwa hivyo tutatenga KSh 60,000, yaani KSh 20,000 kwa kila kijana. Ikithibitika kwamba kijana huyo amesababisha hasara kazini, mfuko utalipa mpaka kiwango hicho, na kijana atalipa mfuko pole pole. Ndiyo maana ya deni kuandikwa kwetu. Kama pesa hazitaguswa, zitamdhamini kijana mwingine. Mchango wa kwanza umetoka kwangu. Mnajua sasa kwa nini.

Nne, akina mama wa maombi wamekubali kuanza kuwatembelea washirika na majirani walioibiwa au kuvamiwa. Wataanzia dukani kwa yule mama.

Na tano, hii ni ya sisi wenyewe, chumba cha vyombo sasa kina daftari. Kitu kikipotea, kila mwenye ufunguo ataulizwa, kwa mpangilio wa majina, na jina langu ni la kwanza.

Hekima haijaondoka. Hatutamweka mtu yeyote mahali ambapo kosa lake la zamani linaweza kumdhuru mtoto au mnyonge. Hatumwambii mjane ampangishe mgeni chumba. Tunawaomba wenye nguvu wabebe kinachobebeka, tukiwa wengi, kwa macho yaliyo wazi.

WITO NA MAOMBI

Labda umekaa hapo na unasema, "Pasta, mimi nina kijana wangu ndani na sijawahi kumwambia mtu hapa." Najua mko, na ni zaidi ya mmoja. Umekuwa ukisema yuko Mombasa kikazi. Leo huhitaji kuja mbele. Nitafute wiki hii, ama umtafute mmoja wa wazee. Hutaulizwa ulimlea vipi.

Labda wewe ndiwe uliyetoka. Umekaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Kristo amekuwekea sahihi tayari, na sahihi yake haitegemei kama sisi tumejifunza kuwa na adabu. Utuvumilie. Tunajifunza.

Tuombe. Bwana Yesu, ulihesabiwa pamoja na wakosaji na hukuona aibu. Ulisema aliyemtembelea mfungwa amekutembelea wewe. Tusamehe pale ulipopanga viti vyetu nasi tukapekua mkoba wako. Mkumbuke kila kijana aliye kifungoni usiku wa leo. Mkumbuke kila aliyevunjiwa na kuibiwa, umrudishie usingizi wake. Wabariki maafisa na wakufunzi wa magereza wanaofanya kazi ngumu. Utupe akina Tikiko. Na yule ndugu yetu aliye kazini, Bwana, ibariki mikono yake, hata kama hatarudi hapa. Katika jina la Yesu, amina.

Kwa vikundi vya nyumbani juma hili:

1. Soma Filemoni yote kwa sauti. Ukiwa Filemoni, ni kitu gani kingekuwa kigumu zaidi kwako kukubali?
2. Ni nani aliyewahi kukuwekea sahihi, kazini, shuleni au katika imani? Je, umewahi kumshukuru?
3. Kitu kikipotea nyumbani kwako, ni nani huulizwa wa kwanza? Kwa nini?
4. Majina ya akina Tikiko na ya waajiri yanaandikwa kwenye meza iliyo karibu na mlango, baada ya kila ibada. Nafasi ya sahihi iko.